Mikono ya Mpishi

Mjukuu wangu wa kike anapika katika hoteli moja ya Makambako, karibu na kituo cha mabasi. Ninaposema hoteli msomaji asifikirie vitanda na mashuka. Nasema hoteli kama tulivyozoea kusema: meza nne, mabenchi, jiko la mkaa uani, na mama mwenye mali aliyeketi karibu na kisanduku cha fedha. Siku moja nilishuka kutoka Njombe kwenda kumsalimia, nikamkuta saa tisa, wateja wa mchana wamekwisha kupungua. Aliniamkia harakaharaka, akaniletea chai, kisha akarudi kwenye jambo lililokuwa limemteka. Alikuwa ameegemeza simu yake kwenye dumu la mafuta ya kupikia, anamtazama mzungu mmoja mzee anapiga mayai. Simu haikutoa sauti. Nikamwuliza kama imeharibika.

"Sauti ya nini, babu?" akanijibu bila kugeuka. "Kiingereza chake chenyewe sikielewi. Mimi naangalia mikono."

Mzee yule ni Jacques Pépin, Mfaransa aliyehamia Marekani na kuwa mmoja wa wapishi wanaojulikana sana katika televisheni ya nchi ile. Jibu la mtoto yule lilinikaa kichwani njia nzima ya kurudi, zile kilomita kama 60 za kupanda hadi Njombe. Nimetumia sehemu kubwa ya maisha yangu nikikaa nyuma ya madarasa, fomu ya tathmini magotini, nikiwapima wanachuo wa ualimu wakati wa mazoezi ya kufundisha. Nilikagua maandalio ya somo, nikahesabu zana, nikasikiliza sauti kama inafika dawati la mwisho. Sikupata kumwona mwalimu anayeeleweka akiwa amefungwa mdomo. Basi nikaanza kumfuatilia mtu huyu. Nilitazama vipindi vyake katika simu ya mjukuu, na baadaye katika simu yangu mwenyewe kwa gharama ambayo mke wangu hakuisifu. Nikasoma na kitabu alichoandika juu ya maisha yake, kilichotoka mwaka 2003.

Alizaliwa mwaka 1935 katika mji wa Bourg-en-Bresse, mashariki ya Ufaransa. Baba yake alikuwa seremala wa samani, na mama yake aliendesha mikahawa midogo, mmojawapo katika mji wa Lyon. Utoto wake ulipita katika vita, wakati ambapo mama mwenye watoto watatu alilazimika kupata mlo kutokana na kitu ambacho mtu mwingine angekitupa. Mwaka 1949, akiwa na miaka 13, aliacha shule akaingia uanagenzi katika jiko la hoteli kubwa ya mji wake. Baadaye alikwenda Paris, akapika katika hoteli ya Plaza Athénée, na katika utumishi wake wa jeshi akawa mpishi wa viongozi wa serikali ya Ufaransa. Wa mwisho wao alikuwa Charles de Gaulle. Mwaka 1959 akapanda meli kwenda New York.

Hapo kwenye uanagenzi nataka nikae kidogo, kwa sababu ndipo ulipo ufunguo wa yote yaliyofuata. Mwanagenzi wa zamani wa Ufaransa hakupewa kitabu. Hakuna aliyemweleza kwa nini. Alifagia, akamenya, akanyonyoa kuku, akawasha jiko la makaa asubuhi, na katika kufanya hayo akawa anatazama. Siku alipoitwa kusogea jikoni, alitakiwa awe anajua tayari. Kwa vipimo vya chuo chetu huo ni ufundishaji mbovu: hakuna malengo mahususi, hakuna maswali, hakuna tathmini. Lakini msomaji aliyelelewa vijijini kwetu atautambua mara moja. Ndivyo mama zetu walivyowafundisha dada zetu. Msichana alikaa kando ya figa, akatumwa kuni, akatumwa maji, na siku mama alipougua, ugali uliiva kama kawaida. Ukimwuliza nani alimfundisha, atakwambia hakufundishwa.

Pépin alijifunza kwa njia hiyo, lakini hakufundisha kwa njia hiyo. Alichukua elimu iliyokuwa imekaa kimya mikononi mwa watu kwa karne nyingi, akaipasua hatua kwa hatua, mpaka mtu wa mbali asiyewahi kukanyaga jiko la Ufaransa akaweza kuifuata. Wapishi mahiri Ufaransa ilikuwa nao wengi, na baadhi yao huenda walimzidi. Wenye uwezo huo mwingine ni wachache mno, katika kazi yoyote.

Lakini hakufika huko kwa njia iliyonyooka. New York alianzia katika mkahawa wa Le Pavillon, uliosifiwa wakati ule kuwa kilele cha upishi wa Kifaransa Marekani. Familia ya Kennedy walikuwa wateja wa pale. John Kennedy alipochaguliwa kuwa Rais, Pépin alipewa nafasi ya kuwa mpishi wa Ikulu ya Marekani, akaikataa. Badala yake alikwenda kufanya kazi kwa Howard Johnson, mwenye mlolongo wa mikahawa ya kando ya barabara kuu yenye mapaa ya rangi ya machungwa, mahali pa watu wenye safari kula wakaondoka. Alikaa huko takriban miaka kumi. Alipika supu na mchuzi, si kwa sufuria bali kwa mapipa, vikagandishwa na kusambazwa nchi nzima.

Wengi wanaosimulia habari zake huipita miaka hiyo haraka, kana kwamba ni aibu ndogo ya ujanani. Mimi nikiwa mtu wa kupita Makambako siioni hivyo. Makambako ni mji ulioumbwa na safari. Barabara ya Songea inachepuka pale kutoka barabara kuu ya Dar es Salaam na Mbeya. Reli ya TAZARA inapita pale. Usiku na mchana kuna malori na mabasi yaliyosimama na watu wanaoshuka na dakika chache mkononi. Kuwalisha watu wa namna hiyo ni elimu yake peke yake. Chakula lazima kiwe tayari kabla mlaji hajafika, kisimuumize njiani, na sahani ya leo ifanane na ya juzi, maana dereva hasamehi. Mjukuu wangu anayajua hayo kuliko mkufunzi yeyote wa hoteli za kitalii. Pépin naye alijifunza kwa Howard Johnson kitu ambacho Le Pavillon wasingemfundisha: kumfikiria mlaji wa kawaida, asiyejua jina la mchuzi na asiyetaka kulijua. Nathubutu kusema mtu wa televisheni alizaliwa kwenye mapipa yale. Ikulu angewapikia wakubwa, na sisi tusingemjua. Rafiki yake, René Verdon, ndiye aliyechukua nafasi ile mwaka 1961.

Walakini kuna upande wa pili, na nashangaa kwamba yeye mwenyewe, katika ninayoyasoma, hauangalii sana. Supu inayotoka kwenye pipa moja ikalishwa nchi nzima ni supu iliyomnyang'anya kazi mwanamke fulani kando ya barabara fulani. Na mikahawa ile mikubwa yenyewe haikudumu. Wa mwisho ulifungwa mwaka 2022. Sina hakika kama nimsikitikie nani.

Sasa nafika mahali panaponigusa. Wakati akipika kwa Howard Johnson, Pépin alikuwa akisoma usiku na wakati wa mapumziko katika Chuo Kikuu cha Columbia. Mtu aliyeacha shule na miaka 13! Alianza na Kiingereza cha wageni, akapata shahada ya kwanza mwaka 1970 na ya uzamili katika fasihi ya Kifaransa mwaka 1972. Kisha akapendekeza tasnifu ya uzamivu juu ya historia ya chakula cha Wafaransa kama inavyoonekana katika fasihi yao. Pendekezo likakataliwa. Mada, alielezwa, haina uzito wa kitaaluma. Akaacha.

Nilipofika ukurasa huo nilikifunga kitabu nikatoka nje.

Miaka ya themanini, nikiwa mkuu wa chuo, mwanachuo mmoja wa kiume, mwenyeji wa milimani huko juu, aliniletea pendekezo la andiko lake la mwisho. Alitaka kuandika jinsi akina mama wa kijiji chake wanavyowafundisha binti zao kupika. Alikuwa ameanza tayari. Alinionyesha kurasa tatu alizoandika wakati wa likizo: namna mama anavyotambua kwa kusikiliza kwamba maji yamefikia kutiwa unga, namna anavyoushika mkono wa mtoto juu ya mwiko siku ya kwanza tu, asiushike tena, maneno wanayotumia kwa moto, ambayo Kiswahili hakina. Nakumbuka niliyasoma nimesimama. Nikachukua kalamu nyekundu nikaandika juu ya ukurasa wa kwanza: "Mada si ya kitaaluma. Chagua nyingine." Aliandika juu ya utoro wa wanafunzi, kama walivyoandika wenzake thelathini, akapata alama za wastani.

Najua nitakavyojitetea. Nchi ilikuwa na njaa ya walimu tangu lile Azimio la Musoma la mwaka 1974; tulikuwa na mitaala, wakaguzi na tarehe za mitihani. Lakini hiyo si kweli yote. Somo la sayansi kimu tulilifundisha, tukaona ni la wasichana na la jioni. Tuliimba Elimu ya Kujitegemea tangu mwaka 1967, tukalima mashamba ya shule, lakini jembe lilikuwa jembe na taaluma ilikuwa taaluma. Kwamba kazi ya mikono inaweza kuwa na fikra ndani yake, fikra za kuandikwa na kuchunguzwa, hilo tulilisema majukwaani. Kijana alipolileta mezani nikalifuta kwa wino. Maprofesa wa New York na mkuu wa chuo wa nyanda za juu tulikuwa ndugu, na hatukujuana.

Tofauti ni kwamba Pépin alikuwa na mlango mwingine. Mwaka 1970 alikuwa amefungua mjini New York mkahawa wa supu, La Potagerie. Mwaka 1974 gari lake lilimgonga mnyama wa porini, jamii ya kulungu, akavunjika mgongo, nyonga na mkono. Kusimama jikoni saa kumi na nne kwa siku kukawa hakuwezekani tena. Akageukia kufundisha na kuandika. Kitabu chake cha mwaka 1976, La Technique, kina jina linalosema hasa kilivyo: si mkusanyo wa mapishi, bali picha kwa mamia za mikono miwili ikifanya kazi. Hivi ndivyo kisu kinavyoshikwa. Hivi ndivyo kitunguu kinavyokatwa kisisambaratike. Mwaka 1979 akafuatisha cha pili, La Méthode. Na baadaye alishirikiana na Julia Child kuanzisha katika Chuo Kikuu cha Boston shahada ya uzamili katika elimu ya chakula, mada ile ile iliyokosa uzito.

Televisheni ilimkuta hivyo, mwalimu aliyekwisha kuiva. Alianza katika miaka ya themanini katika vituo vya umma vya Marekani, na tangu miaka ya tisini akarekodi mfululizo baada ya mfululizo katika kituo cha KQED cha San Francisco. (Sisi huku Bara televisheni ilianza mwaka 1994. Kabla ya hapo tulikuwa na redio na matangazo yake ya shule, na nimeshuhudia mwalimu wa redio akijaribu kueleza namna ya kufunga fundo. Mungu amrehemu.)

Chukua somo lake la kimanda, lile alilokuwa akilitazama mjukuu wangu. Anapiga mayai kwa uma, siagi inayeyuka kwenye kikaango. Mayai yanapoingia, mkono wa kushoto unakitikisa kikaango mbele na nyuma, wa kulia unazungusha uma, vyote kwa pamoja, ili yai ligande kwa chembe ndogondogo laini. Halafu anainamisha kikaango, anakunja upande mmoja, anagonga mpini kwa ngumi mara kadhaa ili ukingo wa pili uinuke, anaukunja nao, na kukipindulia kwenye sahani. Kimetoka cha manjano tupu, bila doa la kahawia. Kisha, na hapa ndipo namvulia kofia, anapika cha pili, cha shamba, chenye mabonge makubwa na kilichobabuka kidogo, na hasemi kwamba kile cha kwanza ndicho bora. Mwanafunzi ameona vitu viwili vilivyotokana na mayai yale yale na ameona kwamba tofauti yote imetokana na mkono. Somo kama hilo lina utangulizi, maarifa mapya na ulinganisho, na halikuchukua dakika kumi. Kwa fomu yangu ya zamani ningempa A, na sikuwa mwepesi wa A.

Au litazame somo la kuku. Anamtoa kuku mzima mifupa, nyama ikabaki shuka moja. Kisu kinafanya kazi ndogo sana, kinagusa viungo tu. Kinachobaki ni kuvuta kwa vidole. Mtu anayeshindwa, unamwona akitumia kisu zaidi na zaidi. Nimewahi kuona walimu wa hesabu wenye tatizo hilo hilo.

Mfululizo wake uliopendwa zaidi ni ule wa mwaka 1999 pamoja na Julia Child, ambao ulipata tuzo ya Emmy mwaka 2001. Julia Child ndiye Wamarekani waliyemwita "mpishi wa Kifaransa" tangu kipindi chake cha mwaka 1963, ingawa hakuwa Mfaransa wala hakuwahi kuongoza jiko la hoteli. Wanapika jikoni kwake wakibishana: mama anataka pilipili manga nyeupe, bwana anataka nyeusi, mama anataka hivi, bwana anatia vile mama akigeuka. Mtazamaji anacheka, na akicheka anatambua kwamba wakubwa wanaweza kutofautiana na chakula kikaiva. Vipindi alivyofanya na binti yake Claudine sivipendi sana. Binti amewekwa awe mwanafunzi asiyejua, na maswali yake mengine yanasikika kama ya wale watoto tuliowaandaa jana yake kwa ajili ya mkaguzi.

Kosa lake kubwa, kama ni kosa, ni wepesi. Kila kitu kinamtii. Hakuna moshi, hakuna mkaa uliolowa, vitunguu vimekwisha kumenywa na mtu tusiyemwona, na masufuria machafu yanaosheka yenyewe nyuma ya kamera. Mjukuu wangu alijaribu kile kimanda mara tano. Cha kwanza kilifanana na zege, ile chipsi mayai yetu. Cha pili mama mwenye mali akamkata bei ya mayai kwenye posho. Mzee Pépin anaposema jambo ni rahisi, ni rahisi kwa mikono iliyolirudia kwa miaka isiyohesabika, na televisheni haina namna ya kuionyesha miaka. Hata hivyo namwona afadhali sana kuliko hawa waliokuja baada yake, wanaopika kwa kushindana saa ikihesabiwa na mkubwa mmoja akiwafokea wenzake mbele ya dunia. Kwa mpishi anayefoka mtazamaji hujifunza kufoka.

Sehemu ya kazi yake iliyonigusa kuliko zote haina studio. Mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipowafungia watu ndani, mzee wa miaka 84 alirekodi vipindi vifupi jikoni kwake, nyumbani kwake Connecticut. Alitumia alichokuwa nacho: mkate uliokauka, karoti moja iliyonyauka, kopo la maharage. Nikaiona pale njaa ya utotoni, na yule mama wa Lyon, akili ya mtu asiyetupa. Desemba mwaka huo alifiwa na mkewe Gloria, lakini aliendelea. Na ile taasisi aliyoianzisha mwaka 2016 pamoja na binti yake na mkwewe, inayosaidia mafunzo ya upishi kwa watu waliotoka gerezani na wasio na makazi, nayo ikaendelea. Hao ni watu ambao hakuna chuo kitakachowauliza mada ya tasnifu.

Nilirudi Makambako mwezi uliofuata. Mjukuu alinipikia kimanda cha sita au cha saba, sikuuliza, kwenye kikaango cha bati juu ya mkaa, akigonga mpini kwa ngumi kama mzee anavyogonga. Kilikuwa na doa moja la kahawia ubavuni. Nilimwomba anieleze anajuaje wakati wa kukunja, nami nikatoa daftari. Akafikiri. Akasema, "Kinanyamaza, babu. Mayai yakiwa bado yanasema. Yakitaka kuiva yananyamaza."

Niliandika. Yule kijana naye, katika kurasa zake tatu, alikuwa na mstari unaokaribiana sana na huo, juu ya maji ya ugali. Nimejaribu kuukumbuka jinsi ulivyokuwa. Akina mama wale aliowahoji wamekwisha kufa, bila shaka wote. Nimetafuta katika masanduku yangu ya karatasi za chuo, mara mbili, kwa sababu sikumbuki kama zile kurasa nilimrudishia.